Kromatini ya hamira: inaitangulia jeni au inaifuata?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita katika shule moja huku Buzuruga, Mwanza. Wanafunzi wangu walichukua hamira ya dukani wakaigawa katika chupa mbili zenye maputo mdomoni, moja ina maji ya glukosi, nyingine maji ya galaktosi. Puto la glukosi lilianza kuvimba mapema. La galaktosi lililala saa kadhaa kabla ya kuinuka. Nikawaeleza kwamba jeni za galaktosi zilikuwa zimefungwa na kromatini, yaani DNA pamoja na protini inazozungushiwa, kama duka lililotiwa kufuli, na hamira ilihitaji muda wa kulifungua. Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, tunajuaje kwamba kufuli ndilo lililozuia biashara? Huenda duka lilifungwa kwa sababu biashara hakuna." Sikuwa na la kumjibu. Je, kromatini ndiyo inayozima jeni, au inajifunga tu baada ya jeni kuzimika?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na huyo binti. Swali lake ndilo lililowakesha watu wa fani hii tangu miaka ya 1980, na lilijibiwa kwa majaribio. Kwa hiyo usimtafutie mfano mwingine wa duka. Mpe majaribio yenyewe, anayaweza.

Jibu langu kwa kifupi: inategemea unaangalia sehemu gani ya jeni. Kwenye promota, yaani kile kipande cha DNA kilicho mwanzoni mwa jeni ambapo mashine ya kunakili jeni kuwa RNA hutua, kromatini hutangulia. Ikikaa pale inazuia, na sharti iondolewe ndipo jeni inakiliwe. Ndani ya jeni yenyewe, kromatini kwa kiasi kikubwa hufuata: inavurugwa na unakili unaopita, kisha inapangwa upya nyuma yake. Kwenye ncha za kromosomu kuna habari ya tatu, nitaifikia. Na zile saa ambazo puto lenu la galaktosi lililala, sehemu kubwa haikuletwa na kromatini hata kidogo. Nitaeleza mwishoni kwa nini, na jinsi darasa lako linavyoweza kulifanya jaribio hilo vizuri zaidi.

Kwanza vipimo, kwa sababu bila vipimo maneno haya yote yanaelea. Hamira mnayonunua, Saccharomyces cerevisiae, ina takribani jozi milioni 12 za besi katika kromosomu 16, na jeni zipatazo 6,000. Mfuatano wake wote ulitangazwa mwaka 1996, wa kwanza kukamilika kwa kiumbe ambacho seli yake ina kiini. DNA hiyo ikinyooshwa inafika milimita 4 hivi, ilhali kiini chenyewe kina upana wa mikromita 2 tu. Inaenea humo kwa sababu imezungushwa juu ya protini ziitwazo histoni. Histoni nane, yaani mbilimbili za H2A, H2B, H3 na H4, hushikana kuwa kitovu kimoja, na jozi 147 za DNA hukizunguka karibu mara moja na theluthi mbili. Hiyo ndiyo nyukleosomu. Roger Kornberg aliupendekeza muundo huo mwaka 1974, na picha yake ya kina, atomu kwa atomu, ilipatikana mwaka 1997. Katika hamira nyukleosomu zimebanana: moja kila jozi 165 hivi, maana yake seli moja inabeba zipatazo 70,000.

Sasa kufuli. Naomba uliache, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba nyukleosomu haitulii. DNA iliyo kwenye kingo zake hubanduka na kujirudisha yenyewe bila kuguswa na kitu. Mwaka 2005 kundi la Jonathan Widom huko Marekani lilipima mwendo huo: DNA hukaa imezingirwa kwa takribani milisekunde 250, hubanduka kwa milisekunde 10 hadi 50, kisha hurudi. Protini inayotafuta mahali pake pa kushika ina nafasi, ila ni nafasi finyu, na kadiri mahali hapo palivyo karibu na katikati ya nyukleosomu ndivyo nafasi inavyozidi kuwa adimu. Kinachobadilika ni uwezekano na kasi. Kufuli halina tabia hiyo. Ama limefungwa ama limefunguliwa.

Ya pili ni kwamba promota nyingi za hamira ziko wazi muda wote. Kuna kimeng'enya kinachokata DNA isiyolindwa na kuacha ile iliyozungushwa kwenye histoni. Ukikitumia kisha ukasoma vipande vilivyosalia, unapata ramani ya nyukleosomu zote. Ramani ya kwanza ya namna hiyo yenye kina cha kutosha, iliyochapishwa mwaka 2005, ilionyesha jambo ambalo limethibitishwa mara nyingi tangu hapo: mbele ya jeni nyingi kuna kipande cha jozi 150 hivi ambacho hakina nyukleosomu, na pande zake mbili zina nyukleosomu zilizokaa mahali maalumu kabisa. Ile ya upande wa jeni huitwa nyukleosomu ya +1, na unakili huanzia ndani kidogo tu ya ukingo wake. Kipande hicho hubaki wazi kwa sababu kadhaa zinazosaidiana. Kina mifuatano mirefu ya A na T ambayo haipendi kupindwa kuzunguka histoni. Kuna protini kama Reb1, Abf1 na Rap1 zinazoshika hapo. Na kuna mashine iitwayo RSC inayosukuma nyukleosomu pembeni kwa kutumia nishati ya ATP. Hamira ikinyimwa RSC inakufa.

Jeni zilizo wazi namna hiyo ni zile za kazi za kila siku. Zile za dharura, za njaa, za joto kali, za sukari isiyo ya kawaida, mara nyingi promota zake zimefunikwa. Hizo ndizo zinazofaa kwa swali la binti.

Jaribio la kwanza la kumpa ni la mwaka 1987. Yahli Lorch na Kornberg waliweka nyukleosomu juu ya promota ndani ya neli, wakaongeza mashine ya kunakili. Unakili haukuanza. Lakini mashine iliyokuwa imekwisha kuanza safari iliweza kupita kwenye nyukleosomu zilizo mbele yake. Zuio liko mwanzoni, na hilo ni la kukumbuka tukifika ndani ya jeni.

Mtu makini atasema neli si seli. Jibu lilikuja mwaka uliofuata. Min Han na Michael Grunstein, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza hamira ambayo jeni yake ya histoni H4 inaendeshwa na promota ya galaktosi. (Zingatia, Mwalimu: ni promota ileile iliyolala kwenye chupa yenu, hapa imegeuzwa kuwa kifaa.) Kwenye galaktosi hamira hiyo inaishi vizuri. Ukiihamishia kwenye glukosi inaacha kutengeneza H4, na inaporudufu DNA yake inakosa histoni za kutosha kuifunika. Wakaangalia jeni iitwayo PHO5, ambayo kwa kawaida huwaka hamira ikikosa fosfati. Fosfati ilikuwepo tele, hakuna ishara yoyote ya njaa, na bado PHO5 ikawaka. Hawakuongeza kiamshi chochote, yaani protini ya kuwasha jeni. Walipunguza nyukleosomu tu.

Hapo nusu ya swali la binti imejibiwa. Nyukleosomu zikitolewa jeni inawaka bila kuitwa. Kwa hiyo kuwepo kwake kulikuwa kunazuia. Lakini asichukue zaidi ya hapo. Mwaka 1999 jaribio kama hilo lilirudiwa huku jeni zote za hamira zikipimwa kwa pamoja. Asilimia 15 zilipanda, asilimia 10 zilishuka, na robo tatu hazikubadilika sana. Mtu anayefundisha kwamba kromatini huzima jeni zote hadi ifunguliwe anafundisha jambo ambalo takwimu hizi zinalikataa, na nimeona vitabu vingi vya sekondari vinavyofanya hivyo.

Nusu ya pili ya swali ni hii: jeni inapowaka kwa njia yake ya kawaida, je, nyukleosomu huondoka kwanza, au unakili ndio unaozifukuza? Wolfram Hörz na wenzake huko Munich walilifuatilia hili kwenye PHO5 kwa miaka mingi, na kazi yao naipenda kuliko zote katika fani hii kwa jinsi ilivyofunga kila mwanya mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1986 walionyesha kwamba promota ya PHO5 ina nyukleosomu nne zilizokaa mahali pake, na kwamba zote nne hutoweka hamira inapokosa fosfati. Kiamshi cha jeni hiyo, Pho4, kina sehemu mbili za kushika kwenye promota hiyo. Moja iko wazi, kati ya nyukleosomu mbili. Nyingine imefunikwa ndani ya nyukleosomu. Fosfati ikiwepo, Pho4 hubandikwa vikundi vya fosfati na kutolewa nje ya kiini. Njaa ikija inaingia, inashika ile sehemu iliyo wazi, na kazi ya kuondoa nyukleosomu inaanza. Sehemu iliyofichwa inajitokeza, Pho4 ya pili inashika, na promota nzima inakuwa wazi.

Mwaka 1992 wakauliza kama hilo linahitaji DNA irudufiwe, yaani nyukleosomu ziachwe tu kupangwa upya wakati seli inagawanyika. Halihitaji. Mwaka 1993 wakaharibu ule mfuatano wa TATA unaoikaribisha mashine ya kunakili, ili jeni isiweze kunakiliwa hata ikitaka. Nyukleosomu ziliondoka vilevile. Hebu msomee binti hilo polepole: hakuna unakili, na kromatini imefunguka. Kwa hiyo si unakili ulioifungua. Baadaye, mwaka 2003, kundi la Kornberg lilionyesha kwamba nyukleosomu hizo hazisogezwi pembeni tu. Histoni zenyewe huachia DNA na kuondoka.

Kuna ushahidi mwingine unaotoka upande tofauti kabisa. Mwaka 2011 watafiti walichukua DNA ya hamira iliyo tupu, wakaiwekea histoni, wakaongeza majimaji ya ndani ya seli za hamira pamoja na ATP. Nyukleosomu zikajipanga kwenye jeni kwa jeni karibu sawa na zinavyokaa katika hamira hai, pengo la promota na nyukleosomu ya +1 mahali pake, bila jeni yoyote kunakiliwa. ATP ikikosekana mpangilio haupatikani. Maana yake mpangilio wa mwanzoni mwa jeni unatengenezwa na mashine za kusogeza nyukleosomu, na haungojei unakili.

Mashine hizo zinastahili hadithi yake, tena ni hadithi inayoanzia kwenye sukari ya miwa. Alfajiri pale Kirumba akina mama wanakanda unga wa maandazi kwa hamira na sukari ya kawaida. Sukari hiyo ni sukrosi, na hamira huikata kuwa glukosi na fruktosi kwa kimeng'enya invertasi, kinachotolewa nje ya seli. Jeni yake inaitwa SUC2, nayo huzimwa glukosi ikiwa nyingi. Miaka ya 1980 maabara moja Marekani ilikuwa inatafuta hamira zilizoshindwa kutumia sukrosi. Jeni zilizoharibika katika hizo ziliitwa SNF. Maabara nyingine, bila uhusiano wowote, ilikuwa inatafuta hamira zilizoshindwa kubadili jinsia. Jeni zake ziliitwa SWI. Walipolinganisha, SNF2 na SWI2 zikawa jeni moja. Protini moja, na jeni nyingi zisizofanana zinaihitaji ili ziwake.

Inafanya nini? Mwaka 1992 kundi la Fred Winston lilichukua hamira iliyokosa SNF2, isiyoweza kuwasha SUC2, likaiondolea jozi moja ya jeni za histoni H2A na H2B. Hamira ilikuwa na nakala nyingine, kwa hiyo haikufa. SUC2 ikaanza kufanya kazi tena. Ukipunguza histoni, hitaji la SNF2 linapungua. Kazi ya SNF2 basi ni kupambana na histoni. Miaka miwili baadaye mashine nzima, SWI/SNF, ilisafishwa na kuonekana ikitumia ATP kuvuruga nyukleosomu. Binadamu tunayo pia, na jeni zake zimeharibika katika takribani saratani moja kati ya kila tano. Watu waliokuwa wanahangaika na hamira isiyokula sukari hawakujua wameshika jambo la ukubwa huo.

Kuhusu asetili, kikundi kidogo cha kemikali kinachobandikwa kwenye histoni, sitakaa sana, kwa sababu vitabu vyako vinayo, ila nirekebishe kidogo. Vincent Allfrey alihisi tangu mwaka 1964 kwamba kubandika asetili kwenye histoni kunahusiana na jeni kuwaka. Mwaka 1996 kundi la David Allis liligundua kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo katika kiumbe mdogo wa majini, Tetrahymena, wakakuta ni ndugu wa Gcn5 ya hamira, protini iliyokuwa inajulikana tayari kama msaidizi wa kuwasha jeni. Mwaka huohuo kimeng'enya cha kuondoa asetili kilipatikana kwa binadamu, nacho kikawa ndugu wa Rpd3 ya hamira, iliyojulikana kuzima jeni. Maelezo ya kawaida ni kwamba asetili huondoa chaji chanya ya laisini, moja ya asidi amino zinazojenga histoni, na DNA inalegea. Ni kweli kwa sehemu. Kwa maoni yangu uzito mkubwa zaidi uko kwenye jambo jingine: asetili ni alama inayosomwa. SWI/SNF ina sehemu maalumu ya kushika laisini yenye asetili, na hivyo hukaa muda mrefu zaidi pale panapohitajika.

Ndani ya jeni mambo yanageuka. Hapo mashine ya kunakili inapita, na nyukleosomu hupishana nayo kwa msaada wa protini kama FACT na Spt6, ambazo huzirudisha nyuma yake. Jeni inayonakiliwa kwa nguvu sana hupoteza nyukleosomu mwilini mwake, na hilo ni tokeo la unakili. Hapo binti yako ana haki kabisa. Kurudisha si jambo dogo, maana Spt6 ikiharibika, unakili huanza kuchipuka katikati ya jeni, mahali usipotakiwa, kama ilivyoonekana mwaka 2003. Na miaka miwili baadaye ikajulikana kwamba mashine ya kunakili hutembea na kimeng'enya Set2 kinachoweka alama kwenye H3, ili Rpd3 ije iondoe asetili nyuma yake na kuituliza sehemu hiyo. Unakili wenyewe unaacha kromatini inayozuia unakili mwingine.

Zile ncha za kromosomu sasa. Huko, na pia kwenye nakala za akiba za jeni za jinsia, protini Sir2, Sir3 na Sir4 huenea juu ya nyukleosomu. Sir2 huondoa asetili kwenye laisini ya 16 ya H4, nafasi hiyo humkaribisha Sir3, na kila anayefika humwandalia mahali anayefuata. Mwaka 1990 Daniel Gottschling na wenzake waliihamishia jeni ya ADE2 karibu na ncha. Hamira ambayo ADE2 imezimwa huwa nyekundu. Ikiwaka huwa nyeupe. Walipata makoloni yenye vipande vyekundu na vyeupe, seli zenye DNA ileile kabisa zikiwa na hali mbili, na kila seli ikiwarithisha wanawe hali yake kwa vizazi vingi kabla ya kubadilika. Hapo kromatini ni kumbukumbu. Kama ningepata kuonyesha darasa lako picha moja tu, ningechagua hiyo.

Isitoshe, usiwafanye wanafunzi waamini hamira zote ni moja. Hamira ya maandazi haina ile alama ya kuzima iliyo kwenye laisini ya 9 ya H3, ambayo sisi binadamu tunayo. Hamira nyingine inayo: Schizosaccharomyces pombe, ambayo Paul Lindner aliieleza mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya mtama ya Afrika Mashariki. Mengi tunayoyajua kuhusu uzimaji wa aina ya binadamu yametoka kwayo.

Turudi kwenye chupa yenu. Hamira ikitoka kwenye glukosi na kuingia kwenye galaktosi, ina vizuizi kadhaa kwa wakati mmoja. Protini Mig1, inayofanya kazi glukosi ikiwa nyingi, inakandamiza jeni za galaktosi. Kiamshi chenyewe, Gal4, kimepungua. Protini ya kuingizia galaktosi ndani ya seli imevunjwavunjwa. Na hata Gal4 iliyopo imefunikwa na Gal80, mpaka Gal3 ishike galaktosi na kuiondoa. Ukilinganisha na hamira iliyokuzwa kwenye rafinosi, sukari isiyochochea ukandamizaji huo, galaktosi ikiingia jeni zinaanza kunakiliwa ndani ya dakika. Promota ni ileile, nyukleosomu ni zilezile. Saa mnazoziona ni za glukosi kuacha alama yake kwenye mfumo mzima.

Kromatini ina sehemu yake, ila ni ya kasi. Mahali Gal4 inaposhika, kati ya jeni za GAL1 na GAL10, ni wazi hata jeni zikiwa zimezimwa. Nyukleosomu zimekalia mfuatano wa TATA, na Gal4 ikiamka huiita SWI/SNF iziondoe. Katika hamira isiyo na SWI/SNF nyukleosomu hizo huondoka pia, lakini polepole zaidi. Hapo ndipo ninaposimama mimi: anayeamua jeni iwake ni kiamshi, na kromatini kwenye promota huamua kwa haraka gani na kwa kiwango gani. Kwenye PHO5 hilo lilipimwa vizuri mwaka 2008 na kundi la Erin O'Shea. Nguvu ya ile sehemu ya Pho4 iliyo wazi huamua njaa iwe kali kiasi gani ndipo jeni ianze kuwaka. Ile sehemu iliyofunikwa na nyukleosomu huamua itapanda hadi wapi.

Kwa darasa, badilisheni jaribio liwe hivi. Ongezeni chupa ya tatu yenye hamira na maji matupu, kwa sababu hamira kavu ina akiba yake ya sukari iitwayo trehalosi, na puto linaweza kuvimba kidogo bila kupewa chochote. Chemsheni hamira kidogo, chujeni, mtumie maji yake katika chupa zote, ili seli zipate malighafi ya kutengeneza vimeng'enya vipya. Kisha gawanyeni hamira makundi mawili. Kundi moja lilale usiku kwenye galaktosi, jingine kwenye glukosi, gramu 2 kwa kila mililita 100. Asubuhi chukueni kidogo kutoka kila kundi, osheni seli kwa kuziacha zitulie na kumwaga maji ya juu mara mbili, mkuze makundi yote mawili kwenye glukosi kwa saa tano au sita. Osheni tena, linganisheni ukungu wa maji kwa kusoma maandishi kupitia bilauri, kisha wekeni kiasi sawa kwenye galaktosi na kuandika saa ambayo kila puto linaanza kusimama. Joto la Mwanza linatosha bila mashine. Chupa zote zikae kwenye beseni moja la maji ya vuguvugu karibu nyuzi 30.

Kundi lililowahi kuonja galaktosi linatarajiwa kutangulia, ingawa limepita vizazi kadhaa kwenye glukosi. Likitangulia, mrudishie binti swali lake mwenyewe: ni kromatini iliyokumbuka, au kuna kitu kingine? Mwaka 2007 makundi matatu yalilijibu kwa namna tofauti. Moja lilitaja aina ya pekee ya histoni, H2A.Z, la pili SWI/SNF. La tatu liliunganisha seli mbili, moja iliyoijua galaktosi na nyingine isiyoijua, likaonyesha kwamba kumbukumbu inasafiri katika saitoplazimu, majimaji ya seli yaliyo nje ya kiini, kwa protini ya Gal1 iliyosalia na kugawanywa kwa seli wana, ambayo inaweza kufanya kazi ya Gal3. Mimi naona hilo la tatu ndilo linalobeba sehemu kubwa. Njia ya kulipima kwa maputo ni kurefusha muda wa kwenye glukosi: Gal1 inapungua karibu kwa nusu kila seli inapogawanyika, kwa hiyo rudieni kwa saa 6, 12 na 24, mkiongeza glukosi mpya kila inapopungua, na mtazame tofauti ya makundi mawili inapotea wapi.